Mabepari wa Venisi: kati ya wote hawa, nani alitoa kilicho chake?

Jahazi Kuukuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Tamthilia hii ya Shakespeare ikitajwa humu, majibu huwa ni yaleyale tuliyoandika kwenye mtihani: Antonio mkarimu, Shylock mroho, Portia mwenye huruma, kengele imelia. Nimeirudia tena, pembeni nikiwa na tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, na safari hii nikaamua kufuata hela tu. Kila anayetoa kitu, nauliza kimetoka mfukoni mwa nani. Majibu yamenivuruga, ndiyo maana nimeyaleta kwenu.

Kwa waliosahau: Bassanio, kijana wa ukoo wa maana aliyekwisha kutapanya urithi wake, anataka kwenda Belmont kumposa Portia, yatima aliyeachiwa mali nyingi. Hana cha kwenda nacho. Anamfuata swahiba wake Antonio, mfanyabiashara wa baharini, ambaye tayari anamdai. Mali ya Antonio yote iko majini: Tripolis, Mexico, Uingereza, Lisbon, India na kwingineko. Kwa hiyo Antonio anakwenda kukopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, kwa miezi mitatu. Riba hakuna. Hati inasema siku ikipita bila malipo, Shylock atakata ratili moja ya nyama kwenye mwili wa Antonio.

Tuanze na Bassanio, maana huyu ndiye anayenichekesha. Akimtajia Antonio habari za Portia, sifa ya kwanza inayomtoka ni kwamba bibie ameachiwa mali. Uzuri unafuata baadaye, na tabia njema baada ya hapo. Halafu sikilizeni hoja yake ya kuomba mkopo wa pili. Anasema utotoni akipoteza mshale, alikuwa anafuma mwingine kuelekea kulekule na kuufuatilia kwa makini zaidi, akaipata yote miwili. Yaani nikopeshe tena, ili nipate la kukulipa lile la kwanza. Sidhani kama humu kuna asiye na ndugu mwenye hoja hii.

Hela ikiingia mkononi, anafanya nini? Anaandaa karamu. Anamchukua Launcelot, mtumishi anayemkimbia Shylock, na kuagiza ashonewe sare iliyorembwa kuliko za wenzake. Anatanguliza mjumbe Belmont na zawadi za thamani, hadi watu wa Portia wanapigwa butwaa kwa ujio huo. Mbele ya macho ya watu, huyo ndiye bwana mkubwa mwenye mkono wazi. Lakini kila uzi wa sare hiyo umelipiwa kwa dhamana ya mbavu za Antonio.

Sasa njooni kwenye makasha matatu aliyoyaacha baba yake Portia, mchumba atakayechagua la sawa ndiye amwoe. La dhahabu linaahidi kile ambacho wengi wanakitamani. La fedha linaahidi kiasi mtu anachostahili. La risasi haliahidi kitu, linadai: anayenichagua sharti atoe na kuhatarisha vyote alivyo navyo. Bassanio anatoa hotuba tamu kuhusu mapambo ya nje yanavyodanganya, huku mwenyewe amevaa mapambo ya mkopo, kisha anachagua risasi na anapata mke. Masharti ya kasha lile, kwa haki kabisa, yalikwisha kutimizwa na mtu mwingine aliyebaki Venice.

Basi mshindi ni Antonio? Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu.

Ukarimu wa Antonio ni wa kweli, sitaki kumnyima chake. Anakopesha bila riba. Anawakomboa watu walioshindwa kulipa madeni ya Shylock, na hilo ndilo analoliona kuwa sababu ya kuchukiwa. Lakini mdomo uleule unaosema "pochi yangu na nafsi yangu viko wazi kwako" ndio uliomtemea Shylock mate sokoni na kumwita mbwa. Akikumbushwa, haombi radhi. Anasema anaweza kabisa kumtemea tena, hata siku hiyohiyo aliyokuja kukopa. Ukarimu wake una mpaka, na mpaka huo unapita barabara katikati ya mji.

Halafu kuna ile barua. Meli zimepotea, siku ya hati imepita, Antonio anamwandikia Bassanio huko Belmont kwamba madeni yote kati yetu yamefutwa, ila natamani nikuone nitakapokufa. Na papo hapo anaongeza kwamba kama upendo wako haukusukumi kuja, barua hii isikusukume. Wakuu, hiyo si barua ya mtu aliyefuta deni. Mahakamani anaendelea: mweleze mkeo jinsi nilivyokupenda, naye aamue kama Bassanio hakuwahi kupendwa. Kesi ikiisha, mwanasheria (yaani Portia aliyejigeuza mwanamume) akidai ile pete ambayo Bassanio aliapa kutoivua, anayemshinikiza Bassanio aitoe ni Antonio. Anamwambia apime upendo wangu na amri ya mke wako. Pete inatolewa.

Ndiyo maana nasema hati ya Shylock angalau ilikuwa na tarehe ya mwisho.

Na Shylock mwenyewe? Mroho yupo, simtetei. Anaota mifuko ya hela. Binti yake Jessica akitoroka na vito, anasema heri angekuwa amekufa miguuni pake na dukati zikiwa ndani ya jeneza. Tena ni mbahili hata kwa chakula, anamlalamikia Launcelot kuwa mlaji mno. Lakini kile kilio maarufu, "Binti yangu! Dukati zangu!", yeye haonekani akikitoa. Kinasimuliwa na Solanio, mtu anayemcheka, akiigiza kwa kejeli. Na mahakamani anapewa dukati 6,000, mara mbili ya deni. Anajibu kwamba hata kila dukati katika 6,000 ingegawanyika mara sita, na kila kipande kikawa dukati kamili, asingezichukua. Mroho gani huyo? Mroho angehesabu, akafunga mfuko, akaondoka. Pale tunapoambiwa tamaa imefika kileleni ndipo Shylock anapoacha kabisa kujali hela. Kilichobaki ni chuki ya mtu aliyetemewa mate miaka mingi, na siku hiyo amepata hati yenye muhuri.

Wa mwisho Portia. Yeye akisikia deni ni 3,000 anauliza, hizo tu? Lipa 6,000, ziongeze mara mbili, kisha mara tatu. Kwa hesabu hiyo ni dukati 36,000, na ni zake. Kwa hiyo ndiye pekee anayetoa cha kwake bila kwenda kukopa. Ila angalieni mwisho wa safari ya hela hizo. Kesi imekwisha: Portia ameishinda kwa kusema Shylock akate nyama ila asimwage hata tone la damu, na Shylock hakulipwa hata mtaji wake. Bassanio anamgeukia mwanasheria na kumwambia: zile 3,000 tulizokuwa tumpe Myahudi, pokea wewe kama shukrani. Anamlipa Portia kwa hela ya Portia, kutoka kwenye deni asilolipa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu.

Nawasilisha. Karibuni mnipinge.

Chaki Nyeupe

Mkuu Jahazi, uzi mzuri, ila kwa Bassanio umebana mno. Wachumba wa Belmont waliapa kabla ya kugusa kasha: ukikosea, usimpose mwanamke mwingine maisha yako yote. Mfalme mdogo wa Morocco alikula kiapo hicho, wa Arragon pia, na Bassanio naye yuko chini ya sharti hilohilo. Portia mwenyewe anamsihi asubiri siku mbili tatu kwa kuogopa kumpoteza. Kwa hiyo kitu chake alikihatarisha, nacho ni uzao wake. Si hela, lakini si haba.

La pili, tusiwasome kwa macho ya leo tu. Kwa kijana wa tabaka lile kutumia kwa mkono mpana ulikuwa wajibu, aliyekunja mkono alidharauliwa. Na riba nayo ilikuwa moto Uingereza kwenyewe, si Venice tu. Sheria ya mwaka 1571 iliivumilia riba isiyozidi asilimia 10, huku mahubiri yakiendelea kuilaani. Baba yake Shakespeare, John, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kukopesha kwa riba. Huyu mwandishi alimjua mkopeshaji wa meza ya nyumbani, Mkristo, tena anayevaa glavu za kutengeneza mwenyewe.

Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290. Kwa hiyo watazamaji wengi wa London walikuwa wanamzomea mtu ambaye hawajawahi kuishi naye mtaa mmoja.

Mwana wa Rabai

Huku kwetu Nairobi anayekukopesha mtaani bila leseni anaitwa shailoki. "Nimechukua pesa kwa shailoki." Wengi wanaolitamka hilo jina hawajawahi kusikia Antonio ni nani. Anakaa na stakabadhi za gari lako, ukichelewa gari limekwenda. Kwa hiyo katika watu wote wa tamthilia, aliyebaki hai katika maneno yetu ni yeye tu. Hakuna anayesema "nimemwendea antonio wangu", ingawa akina Antonio tunao, na ndio wanaoumia.

Tandabui

@Mwana wa Rabai na huku Bongo ni kausha damu. Anashika kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba ya siri, mshahara ukiingia anakuwa wa kwanza ATM. Portia angekuwepo wallahi angeshinda kesi zote: chukueni hela, ila damu isikauke 😂

Bint Feruzi

Kaka Jahazi, nimekusoma hadi chini nikisubiri umfikie Jessica, ukampitia kwa mstari mmoja. Na huyu ndiye anayebomoa au kujenga hoja yako.

Jessica anatoka nyumbani kwa baba yake usiku amevaa kivulana, anamrushia Lorenzo, mpenzi wake Mkristo, kasha dirishani, anarudi ndani kuongeza dukati nyingine. Habari zinamfikia Shylock kupitia Tubal, Myahudi mwenzake: mwanao ametumia dukati 80 usiku mmoja huko Genoa. Na pete ya feruzi aliyopewa Shylock na Leah kabla hawajaoana, ameibadilisha kwa kima. Shylock anasema asingeitoa pete ile hata kwa msitu mzima wa kima.

Soma hapo halafu nenda kwenye tendo la tano, pete ya Portia. Bassanio aliyeapa kufa nayo ameitoa, Gratiano, rafiki yake, naye ameitoa ya mkewe Nerissa, msaidizi wa Portia, na yote yanaishia kwenye vicheko. Pete za Wakristo zinarudi kwa mzaha, ya Leah hairudi. Kwa hiyo mtu pekee katika mchezo mzima anayeonyesha kwamba kuna kitu kisichouzwa kwa bei yoyote ni huyo tunayemwita mroho. Shakespeare ameweka mistari michache tu hapo na wala hairudii.

Na kuhusu Portia kutoa "cha kwake". Mali ndiyo, ni yake. Nafsi yake je? Ilishatolewa na baba marehemu kwa mfumo wa masanduku. Anasema mwenyewe kabla Bassanio hajachagua kwamba amesimama pale kama kafara, akijifananisha na yule binti wa Troy aliyewekwa ufukweni aliwe na mnyama wa baharini. Mnamsifu kwa kujitoa mhanga, wakati hakuulizwa.

Halafu huruma yake ina rangi. Morocco anakuja kwa adabu zote, anaomba asichukiwe kwa ngozi yake. Portia anamjibu vizuri usoni. Akishindwa na kuondoka, bibie anasema wote wenye rangi ile nao wachague hivyohivyo. Mimi niliyesomeshwa hotuba ya huruma inayoshuka kama mvua kutoka mbinguni sikuwahi kuonyeshwa mstari huo darasani.

Jahazi Kuukuu

Dada Bint Feruzi, Jessica nilimwacha makusudi kwa kuogopa uzi kurefuka, lakini umemleta vizuri kuliko ambavyo ningemleta mimi. Na yeye anaingia kwenye orodha ileile: Lorenzo anaishi kwa mali ya Shylock kabla na baada ya hukumu. Hukumu yenyewe inasema nusu ya mali Antonio aishike kwa dhamana, na Shylock akifa impate huyo "aliyemwiba binti yake". Pia Shylock aandike wasia awaachie Lorenzo na Jessica chochote atakachokuwa nacho, na abatizwe. Hayo ndiyo Antonio anayoyatoa akiulizwa ana huruma gani ya kumpa.

@Chaki Nyeupe hoja ya kiapo naipokea kama nyongeza, ila hainitoi kwenye msimamo. Mahakamani Bassanio anatangaza kwamba yuko tayari kutoa maisha yake, mkewe na dunia nzima ili Antonio apone. Mkewe! Na Portia amesimama palepale na joho lake, anamjibu kwamba mkeo angekuwepo asingekushukuru. Hata akitaka kujitolea, mkono wake unaangukia kitu cha mwingine.

Shangani Mashariki

Assalaam alaykum wana ukumbi.

Nyote mmeizungumza kesi na mmelipita neno zito kuliko yote yaliyosemwa mle ndani. Kabla Portia hajaingia, mtawala anamuuliza Shylock atatarajia vipi huruma ilhali hatoi. Shylock anawajibu: nyinyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda wenu na mbwa wenu na nyumbu wenu, kwa kuwa mmewanunua. Je, niwaambie muwaache huru, muwaozeshe watoto wenu? Mtajibu, watumwa ni wetu. Basi nami nakujibuni, ratili hii ya nyama nimeinunua ghali, ni yangu.

Hakuna aliyejibu. Mtawala anasema anaweza kuahirisha baraza, Bellario mwanachuoni wa Padua hajafika. Ukumbi mzima wa watu wakarimu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema "hilo la watumwa nalo ni baya".

Mimi nimekulia hapa Unguja, kanisa la Mkunazini limejengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Wazee waliouza na kununua pale walijenga misikiti, walichimba visima, walilisha maskini Ramadhani. Tunawakumbuka kwa majina ya mitaa. Kwa hiyo Antonio simwoni mgeni hata kidogo.

Na kwa upande wa dini yetu, riba ni haramu, ingawa mkopo ule haukuwa na riba. Palichukuliwa rehani ya nyama ya mtu, na hilo hakuna fakihi wa kulihalalisha. Antonio aliikubali, akasema Myahudi ana wema mwingi.

Chaki Nyeupe

Shehe Shangani, umenipa cha kwenda nacho darasani. Niongeze tu kwamba Venice ndiyo iliyowafungia Wayahudi kwenye Ghetto mwaka 1516, lango linafungwa usiku. Mji uliwakataza kazi nyingi, ukawaachia kukopesha, kisha ukawatukana kwa kukopesha. Katika mazingira hayo kumwita mtu mroho ni rahisi mno.

Tandabui

Nimesoma zote. Sasa mshindi nani? Nani alitoa chake? Msituache hewani.

Jahazi Kuukuu

@Tandabui nina jina moja, msinicheke. Mzee Gobbo.

Baba yake Launcelot, mzee haoni vizuri, anakuja kumtafuta mwanawe mjini. Mkononi ana sahani ya njiwa, wa kwake mwenyewe, hajakopa popote. Anataka kumpa bwana anayemlisha mwanawe. Launcelot anamchezea akili kwanza, anamwambia mwanao amekufa, mzee anataka kulia. Katika tamthilia ya dukati maelfu, hiyo ndiyo zawadi pekee niliyoweza kuifuata hadi kwa mwenyewe bila kukuta deni njiani.

Bint Feruzi

Kaka, hata huyo alikuwa anaombea mtoto kazi. Ukisoma vizuri, njiwa wanapelekwa kwa Bassanio pamoja na ombi la ajira. Kwetu hiyo ina jina lake, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanalijua.

Chaki Nyeupe

Dada, subiri. Mzee Gobbo alipotoka kwake hakuwa anaombea kitu. Ombi la kazi ni la Launcelot. Na njiwa hawakuandaliwa kwa ajili ya Bassanio, waliandaliwa kwa ajili ya bwana wa mwanawe wa wakati ule, ambaye ni Shylock. Launcelot ndiye aliyesema mzee usimpe huyo, mpe Bassanio. Kwa hiyo katika mji mzima wa Venice kuna mtu mmoja tu aliyetoka nyumbani na zawadi ya Shylock, na ikageuziwa njia barabarani na mtoto wake.

Mwana wa Rabai

Lakini Bassanio naye alimwalika Shylock chakula cha jioni. Au hiyo hamhesabu?

Chaki Nyeupe

Tuhesabu. Shylock akaenda, akamwachia Jessica funguo za nyumba. Chakula chenyewe kililiwa kwa dukati 3,000 zake, na usiku huohuo ndipo kasha lilipopita dirishani.